Mwakilishi anamwogopa nani?

Swali: "Assalaamu alaykum mwalimu. Mimi ni fundi simu hapa Wete, nina miaka 29. Msimu wa karafuu ukiingia nafunga kibanda nakwenda mikarafuuni kama wenzangu. Mwakilishi wetu tunamuona mwaka wa uchaguzi. Akishapita, tena ni kumsikia redioni. Barzani kwetu tumegawika mafungu. Wapo wanaosema siasa imekuwa ajira ya watu walewale, tuwaondoshe wote tuweke wapya kabisa, mfanyabiashara au daktari, mtu ambaye hajawahi kuingia siasa. Mimi nasema iwekwe sheria, mwakilishi vipindi viwili tu kama Rais. Na wapo waliokata tamaa, wanasema kadi ya kura wataitumia kukwangulia vocha. Nani kati yetu ana haki?"

Jibu: Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Hilo la kukwangulia vocha lilinichekesha hadi mke wangu akaniuliza nasoma nini. Nilipomsomea hakucheka. Akasema yake yeye ataizibia kitundu cha chandarua. Kwa hivyo barza yenu haiko peke yake. Hasira hiyo imeshaingia majumbani na imekaa kitako.

Nianze na rai yako, maana ndiyo iliyowahi kukaribia kuwa sheria. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inamwekea Rais vipindi viwili vya miaka mitano mitano. Mwakilishi, yaani mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, haimwekei kitu; akichaguliwa mara saba atakaa mara saba. Mbunge wa Muungano naye ni vivyo hivyo. Mwaka 2013 Tume ya Mabadiliko ya Katiba, iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, ilitoa rasimu iliyotaka mbunge asizidi vipindi vitatu, wananchi wawe na haki ya kumwondoa kabla ya muda wake, na mtu aweze kugombea bila ya kubebwa na chama. Rasimu ikapelekwa Bunge Maalum la Katiba mwaka 2014, Dodoma. Sasa tazama nani walikuwa ndani ya Bunge hilo: wabunge wote wa Muungano, wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi, na watu 201 walioteuliwa na Rais. Fisi kakabidhiwa bucha, kisha anaulizwa kama mlango utiwe kufuli. Ukomo wa ubunge ukaanguka, haki ya kumwondoa mbunge ikaanguka. Na hiyo Katiba Inayopendekezwa iliyotoka huko ilipangiwa kura ya maoni Aprili 30, 2015, ikaahirishwa, na mpaka leo imelala.

Lakini tuseme ingepita. Umeniuliza kama dawa, nami lazima nikuonyeshe waliokwisha kuinywa. Mexico walifanya kali kuliko unayoitaka wewe. Tangu 1933 katiba yao ilimkataza mbunge kuchaguliwa tena mfululizo: kipindi kimoja, unatoka. Ungedhani nchi ile ingejaa damu mpya. Ilijaa, ndiyo, nyuso zilibadilika kila muhula. Chama cha PRI na watangulizi wake, lakini, kilikaa madarakani tangu 1929 hadi 2000. Na hivi ndivyo mambo yalivyokwenda: mbunge aliyejua hatarudi kwa wapiga kura hakuwa na haja nao tena. Alichohitaji ni kazi ya kesho, useneta, ugavana, ukubwa wa idara, na kazi zile zilikuwa mkononi mwa wakubwa wa chama. Basi alilala na kuamka akiwatazama wao. Mwaka 2014 walibadilisha katiba, na mbunge aliyechaguliwa kuanzia 2018 akaruhusiwa kurudi kwa watu wake kuomba tena.

California, Marekani, nao walipiga kura 1990 wakaweka ukomo: miaka 6 katika baraza la chini, 8 katika la juu. Wajumbe wakawa wanatoka ndiyo kwanza wanaanza kuijua bajeti, na nguvu ikahamia kwa makarani wa kudumu na watu wanaolipwa na makampuni kushawishi. Mwaka 2012 wapiga kura walewale wakailegeza, ikawa miaka 12 kwa jumla.

Simo miongoni mwa wanaoipinga rai yako. Ningeulizwa kesho, vipindi vitatu vya Warioba ningevitia saini. Ila usiitegemee kama mgonjwa anavyotegemea sindano. Kikomo kinamwondosha mtu, na aliyemleta anabaki palepale akileta mwengine.

Wenzako wanaotaka daktari au mfanyabiashara nitawajibu kwa ufupi. Madaktari tumeshapata. Tangu 2010 Ikulu ya Zanzibar imekaliwa na wawili kwa kupokezana, Dk. Ali Mohamed Shein ambaye taaluma yake ni biokemia ya tiba, na Dk. Hussein Mwinyi ambaye ni daktari wa binadamu. Wasifu au walaumu upendavyo, lakini hakuna anayesema utaratibu wa siasa zetu ulibadilika kwa sababu mkuu wake anajua kupima presha. Ama mfanyabiashara, Waitaliano walichoshwa na wanasiasa wao baada ya kashfa kubwa za rushwa, wakamchagua 1994 tajiri wa televisheni, Silvio Berlusconi, akiwa na chama chenye umri wa miezi. Mgeni huyo aliondoka kwenye kiti cha waziri mkuu mara ya mwisho mwaka 2011. Mgeni siku mbili, wahenga walisema. Ya tatu huyu hakupewa jembe, alipewa nyumba.

Hapa sasa nataka tukae, kwa sababu wewe ni mtu wa Wete, na Mtambwe, alikozaliwa Maalim Seif, iko jirani yako.

Machi 2019 nilikuwa Pemba kwa msiba. Mahakama ilikuwa imeshatoa hukumu kwamba uongozi wa CUF ni wa Profesa Lipumba, na Maalim Seif akatangaza kuhamia ACT-Wazalendo. "Shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee," ndiyo ilikuwa kauli. Siku ya pili au ya tatu nilipita kwenye tawi moja nje kidogo ya mji wenu. Vijana walikuwa wamekwea ngazi ya boriti za mkandaa, wanapaka ukuta zambarau. Rangi ilikuwa haitoshi. Nusu ya chini ilikwisha kuwa zambarau, juu ile ya zamani ilikuwa bado inachungulia, na kijana mmoja anaizidisha maji debeni mpaka inatiririka ukutani. Mzee aliyekaa barzani pale, tasbihi mkononi, nilimuuliza, sasa imekuwaje? Akanijibu, "Itakuja nyengine na gari ya jioni." Yeye alidhani nauliza rangi.

Miaka 27 ya chama ilibadilishwa kwa madebe mawili ya rangi, na hakuna aliyeona ajabu. Lakini jiulize walimfuata nani. Walimfuata mwanasiasa wa kudumu kuliko wote Zanzibar! Seif Sharif Hamad alikuwa mwalimu, kisha Waziri wa Elimu tangu 1977, Waziri Kiongozi 1984 hadi 1988, akagombea urais mara sita, 1995, 2000, 2005, 2010, 2015 na 2020, na akafariki Februari 17, 2021 akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Kwa hesabu ya barza yenu huyo angekuwa wa mwanzo kuondoshwa. Wapemba hawakumuona hivyo, na sababu yao ilikuwa nzito: walimuona amefukuzwa kwenye chama tawala 1988, amewekwa ndani tangu 1989 hadi 1991, akatoka akarudi kwao. Mtu aliyekwisha kupoteza kwa ajili yako hutamuuliza ana miaka mingapi kazini.

Kwa hivyo mimi siamini kwamba mpiga kura wa kwetu anachukia urefu wa utumishi. Anachukia mtu asiyekuwa na chochote cha kupoteza kwake.

Na tuseme yote. Imani ile kubwa ilikuwa na gharama yake, na gharama hiyo ndiyo unayoilipa wewe leo. Majimbo ya Pemba kwa miaka mingi yalipita kwa jina la mzee. Mgombea uwakilishi alihitaji picha moja tu, amesimama kando yake. Kusini Unguja mambo yalikuwa vivyo hivyo kwa chama cha upande wa pili. Watu wanasema kwa mzaha, "hata wakisimamisha jiwe litapita," na jiwe likipita haliulizwi kitu. Mahala ambapo kiti kinajulikana ni cha nani kabla ya siku ya kura, uchaguzi wenyewe unakuwa umeshafanyika pahala pengine.

Pahala hapo ni siku ya fomu. Mtia nia anachukua fomu ya chama chake, anapigiwa kura za maoni na wajumbe wa chama, kisha jina linapanda ngazi kwenye vikao vya juu ambavyo vina kauli ya mwisho na vinaweza kumpitisha aliyeshika nafasi ya pili au ya tatu. Unaukumbuka ule mzaha wa 2020, "wajumbe si watu wazuri"? Waliokuwa wakiutoa ni wanasiasa, wakiwalalamikia wajumbe hao wachache wa chama waliowanyima ulaji. Sijawahi kusikia mwanasiasa analalamika kwa sauti ile kwamba wapiga kura si watu wazuri. Tazama anapolilia, utajua pa kumshikia.

Na njia ya kupita kando ya chama haipo. Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania mahakamani tangu miaka ya tisini. Mahakama Kuu ilimpa haki 1994, ikampa tena 2006, Mahakama ya Rufani ikasema mwaka 2010 kwamba jambo hilo ni la Bunge kuamua, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikampa haki tena Juni 2013. Mtikila alifariki Oktoba 2015 na mgombea binafsi hajapatikana, si Bara wala Visiwani.

Ukiwa ndani ya chama nako, kiti si chako. Mansoor Yusuf Himid, aliyekuwa mwakilishi wa Kiembesamaki na kabla ya hapo waziri, alifukuzwa CCM Agosti 2013 kwa kupingana na sera ya chama chake juu ya muundo wa Muungano. Uanachama ulipokwenda, uwakilishi ukaenda nao. Watu wa Kiembesamaki waliomchagua hawakuulizwa. Waliitwa tu Februari 2014 kuja kumchagua mwengine. Usidhani ni chama kimoja. CUF walimfukuza Hamad Rashid Mohamed, mbunge wa Wawi hapo Chake, mwaka 2012, na kilichombakisha bungeni hadi 2015 ni kukimbilia mahakamani. Sipimi hapa nani alikuwa sahihi kisiasa. Ninakuonyesha kamba imefungwa wapi.

Kuna na kamba ya pili. Mawaziri wa Zanzibar huteuliwa kutoka miongoni mwa wajumbe wa Baraza la Wawakilishi. Baraza letu ni dogo, majimbo ni 50. Mjumbe anayeota uwaziri au unaibu, na nani haoti, atafikiri mara mbili kabla ya kumbana waziri aliyepo, maana anayeteua anasikia. Tangu marekebisho ya katiba ya 2010 chama kilichoshika nafasi ya pili, kikipata si chini ya asilimia 10 ya kura za urais, kinatoa Makamu wa Kwanza na kinaweza kupata mawaziri. Mimi ni muumini wa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Nilikuwa hai Januari 2001, naijua bei ya kukosa maridhiano, watu zaidi ya 30 waliuawa na wengine wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Lakini umoja una kasoro moja ambayo wapenzi wake hatupendi kuitaja. Wote wakiingia jikoni, anabaki nani wa kulalamika kwamba wali umeungua?

Sasa lile la kwamba hamumuoni.

Niliwahi kupanda gari moja na mwakilishi mmoja, jina lake nalisitiri na jimbo pia, kutoka Konde kuja Chake. Tulisimama mara tatu. Pa kwanza palikuwa na msiba, akatoa noti kwenye bahasha. Alikuwa nazo bahasha tayari, kifurushi kizima kwenye kisanduku cha mbele. Pa pili mama ana mtoto anatakiwa kupelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, nauli ya boti hana, akatoa. Pa tatu vijana wa mpira, jezi, akaahidi. Pa nne alimwambia dereva asisimame. Aliinamisha kichwa akajifanya anasoma simu. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, skrini naiona. Ilikuwa nyeusi.

Nilimchukia dakika kumi hivi, kisha nikaanza kumhurumia, na tangu hapo nina hisia hizo mbili pamoja. Katika wale wote waliomsimamisha hakuna aliyemuuliza aliwahi kusema nini Chukwani, linapokaa Baraza. Tumemgeuza kuwa mfuko wa maafa wenye magurudumu, halafu tunashangaa anatukimbia. Na yeye amekubali kugeuzwa, kwa sababu bahasha ni rahisi kuliko kujibu. Mtoto wa yule mama alihitaji hospitali ya karibu yenye kifaa. Nauli ya boti ilimaliza mazungumzo.

Yanaanzia kwenye kampeni haya. Jirani yangu ana kanga za chaguzi tatu zenye uso mmoja. Ya kwanza ilikuwa beleko ya mwanawe, ya pili anafunikia unga wa maandazi uumuke, ya tatu ameikata matambara. Siku moja nilimuuliza huyu bwana amekufanyia nini. Aliifikiri ile, akasema, "Pamba yake nzuri, haichuji." Sheria ya uchaguzi ya Muungano iliwahi hata kuuhalalisha mchezo huu, mwaka 2000, kwa jina la takrima, eti ni ukarimu wa Kiafrika, mpaka Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu vile 2006. Jina limekufa. Mkono bado unatoka dirishani.

Nije kwa waliokata tamaa, ambao nitawajibu kwa heshima, maana wao hawakosi sababu. Sitawaambia kura yao ni silaha na maneno kama hayo ya mabango. Wapemba walipanga foleni alfajiri Oktoba 25, 2015, wanaume huku wanawake kule, wengine wamebebwa. Nilikuwa kituoni mtazamaji, nilimuona bibi kizee anakipulizia kidole wino ukauke asije akautia kwenye buibui. Siku ya tatu mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akatangaza kuufuta uchaguzi wote. Ukarudiwa Machi 20, 2016, CUF wakasusia, na Dk. Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4. Mtu aliyepuliza kidole chake hivyo, akikwambia hapigi tena, nyamaza kwanza umsikilize.

Nikishamsikiliza, ningemkumbusha na jambo jengine la Pemba hiyohiyo. Januari 1961 ASP walilichukua jimbo la Chake Chake kwa tofauti ya kura moja. Moja. Katika vyama vitatu vya wakati ule, ASP wakapata viti 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawika baada ya kuchaguliwa, wawili wakaenda ZNP na mmoja ASP, ikawa 11 kwa 11 na serikali haikupatikana. Ukaitishwa uchaguzi mwengine Juni, kukaongezwa jimbo la 23, na fujo za siku zile ziliua watu 68. Hadithi hiyo ninaipenda kwa sababu inauma pande mbili. Kura moja ilikuwa na uzito wa kugeuza nchi. Na wanasiasa watatu, siku ya pili yake, walikuwa na uzito mkubwa zaidi. Na hakuna kati yetu aliyewahi kuitumia miaka mitano kuwauliza maswali wanasiasa wa aina hiyo. Na Julai 31, 2010 wananchi walipoulizwa swali moja tu, mnataka serikali ya umoja au hamtaki, asilimia 66.4 walisema wanataka, na ikawa. Kura iliyouliza jambo ilileta jambo. Zinazouliza jina huleta jina.

Nani basi ana haki barzani kwenu? Kila fungu limeshika kipande. Lakini ningekuwa nimekaa hapo na nyinyi, na kahawa haijapoa, ningewatoa kwenye hesabu ya miaka, nikawauliza: huyu bwana anamwogopa nani? Mpaka sasa anawaogopa wanaompa fomu na anayempa cheo. Nyinyi anawaogopa siku moja katika miaka mitano, na siku hiyo ana kanga.

Kumfanya awaogope siku nyengine kunawezekana kwa kiasi, na kazi yenyewe ni ya kuchosha, haina nyimbo.

La mwanzo, jua nani ni wa nini. Mzanzibari anapiga kura tano kwa tume mbili: Rais wa Muungano na mbunge kwa tume ya taifa; Rais wa Zanzibar, mwakilishi na diwani kwa tume ya hapa. Wewe fundi simu, mambo ya simu ni ya Muungano, mwakilishi wako hana la kufanya nayo, yule wa Dodoma ndiye. Polisi, vivyo hivyo. Lakini karafuu ni yetu. Mnunuzi halali ni mmoja, ZSTC, shirika la biashara la serikali, na bei hutangazwa na serikali. Mwakilishi hawezi kuipandisha bei hata shilingi kumi. Anachoweza ni kusimama Chukwani akamuuliza waziri kwa nini bei iko hapo ilipo, kiasi gani kilibaki kwenye shirika, kilienda wapi, na waziri akajibu kwa maneno yanayoandikwa kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Baraza. Maji ya bomba, hospitali, skuli, barabara za ndani, hayo ni yake pia. Na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hufikishwa kwenye Baraza hilohilo. Muulize ameisoma. Usimuulize kama anaijua, muulize ukurasa.

La pili mtalichukia. Chukueni kadi za chama. Mko vijana kumi na watano barzani, wote mnajua nani anafaa, na siku ya kura za maoni hakuna hata mmoja mwenye haki ya kuingia ukumbini. Vyama vyetu matawini ni vyembamba kuliko kelele zake. Shehia moja inaweza kuamuliwa na watu wanaojaa kwenye daladala mbili. Chama gani, mimi siwachagulii. Anayeona aibu kubeba kadi kwa sababu siasa ni chafu, basi awaachie wasioona aibu, na ndivyo mlivyofanya mpaka leo.

Diwani nimemtaja mara moja tu, na ndivyo watu wote wanavyomfanyia. Ni kosa, huyo mnakutana naye sokoni.

Ama wewe, ukitaka kuanza peke yako wala hutaki kadi ya mtu, andika swali moja. Si malalamiko kumi, swali moja, la karafuu au la maji ya mtaani kwenu, mistari minne. Toa nakala mbili. Mpelekee mwakilishi ofisini kwake au mkabidhi karani wake, na ile ya pili akutilie saini na tarehe kwamba imepokelewa. Muombe alisome Barazani. Bajeti hujadiliwa baina ya Mei na Juni, kwa hivyo Aprili iwe imeshafika mkononi mwake. Akiuliza, utalipata jibu la waziri na utalisoma kwa sauti barzani. Asipouliza, usimtukane, usimfuate mitandaoni. Weka nakala yako mahali pakavu, na mwaka wa fomu ukifika ibandike kibandani kwako, pale unapobandika bei za vioo, ili kila anayekuja kutengeneza simu aisome wakati anasubiri.